Injini ya Mzee Maduhu

Akida alikasirika, naye hakuwa mtu wa kumeza hasira. Mwaka ule wa 1936, fundi gani wa motokaa Shinyanga nzima alikuwa na mdomo kama wake? Siku hiyo alishika spana, akaigonga injini aliyoletewa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa ya kuvutia maji kwenye mashimo ya dhahabu, Nyarugusu.

"Hii ya nini, Mzee Maduhu?"

"Ya gari letu la mashindano. Bei nafuu, nguvu tele. Subiri uisikie inavyonguruma."

Nguvu ya nini, jamani? Injini ya kukaa mahali pamoja, izunguke mwendo uleule kutwa nzima! Akida alikwisha kuchagua ya gari dogo lililopinduka njia ya Bugarama: nyepesi, hainywi sana petroli, ukiikanyaga inaitika, na bei yake ilikuwa chini zaidi. Alimweleza mzee, akarudia, akamchorea mchangani. Maduhu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akasema ile haina sauti, nani atageuka kuitazama?

Maduhu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Kwao Usukumani vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho kinachoshinda. Mashindano aliyoyajua ni hayo. Na gari lilikuwa lake, limenunuliwa kwa ng'ombe wake.

Akida alikuwa na mikono yake tu, na mikono hiyo ilikuwa ikitafuta kazi. Meneja wa mgodi mmoja Geita alikuwa ametangaza kwamba fundi wa gari litakaloshinda mbio atapewa karakana ya mgodi aisimamie. Akida alichoka kulala chini ya malori ya mwenye duka anayemwita "boi" ilhali yeye Akida ana mvi kichwani.

Akaifunga injini ile kwenye gari huku akitukana kimoyomoyo.

Siku ya mashindano, ilipowashwa tu, watu waliyaacha magari mengine yote wakalizunguka lao, vigelegele juu. Bendera ikashushwa. Wenzao wakapotea vumbini. Lao likajikokota, pua nzito, mpaka kwenye mchanga wa kijito, likazama, likabaki kunguruma. Umati ukalifuata huko huko na kulichezea ngoma.

Meneja akaja akicheka mpaka anafuta machozi. "Nani fundi aliyechagua injini hii?"

Maduhu, amebebwa mabegani mwa watu, aliona watu, akasikia kicheko, akajua wameshinda. Hakutaka kula sifa peke yake.

"Huyu hapa, Akida wangu. Yote ni kazi yake."

Meneja akamtazama Akida, akatikisa kichwa, akaenda kumpa mkono fundi wa gari lililoshinda. Akida alifungua kinywa amrarue yule mzee, akakutana na uso unaomeremeta kwa kumpenda. Laiti angekuwa amefanya kwa ubaya, Akida angalau angepata wa kumchukia.