Mama Yako Amefika Nchelenge

Niliondoka Elisabethville kwenda kumchukua mtoto wa marehemu dada yangu. Chola alifia uzazini kule kwetu Nchelenge, akaacha binti wa miaka minne, Mwansa. Mimi nafundisha watoto wadogo kwa masista, darasa tunaloliita gardieni, na ukoo ukauliza nani atamlea vizuri kuliko mwalimu. Sikuona wa kunizidi.

Hadi Kasenga nilipanda kamyo, lori la samaki lililokuwa likirudi tupu, na harufu yake ikanifuata safari nzima. Kutoka pale nikapata nafasi kwenye boti ya wachuuzi. Tuliteremka mto Luapula kati ya matete mpaka kingo zikapotea na ziwa Mweru likatufungukia. Nililia kidogo, kwa kuwa Chola ndiye aliyekuwa akija kunipokea.

Mchana tulifika Nchelenge. Wanawake waliokuwa wakianika samaki waliniona, wakamwita mtoto kwa Kibemba: Mwansa, mama yako amefika. Hawakusema uongo. Kiswahili kina mama mdogo, lakini Kibemba chetu hakina huo udogo. Dada wa mama ni mama, basi. Shida ni kwamba siku ya mazishi walikuwa wamemwambia mtoto kwamba mama yake amesafiri.

Alikuja mbio anacheka. Akanitazama usoni, akanipita, akaingia majini hadi kwenye boti. Akafunua turubai, akachungulia chini yake. Kisha akaketi palepale majini. Hakulia, na tangu saa ile hakutamka neno.

Kumbe kabla ya hapo alikuwa msemaji. Tangu msiba alishinda na jirani, Bana Kapya, mwanamke wa Kilwa ile ya ng'ambo ya ziwa, aliyeolewa hapa. Alimbeba mgongoni akigeuza samaki juu ya moshi, akimwuliza hiki nini, kile nini, na mtoto alimjibu siku nzima. Mimi nilijaribu nyimbo zetu zote za darasani. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kesho yake Bana Kapya alinifuata ufukweni, Mwansa akiwa mgongoni.

"Mwalimu, umuache kwanza," alisema. "Huyu mutoto anazoea paka miye, miye peke yangu. Ukimubeba leo, atafiwa mara ya pili."

"Nikirudi kiangazi?"

"Urudi, ukae naye hapa. Akikuzoea, mutaenda."

Nilitaka hivyo kwa moyo wote. Lakini mama yangu alikataa katakata: mtoto ni wa ukoo, yule mwanamke si wetu, na Elisabethville kuna maziwa na shule. Wajomba wakamuunga mkono. Niwabishie vipi, wakati sifa za shule hiyo nilizipeleka mwenyewe kila nilipokwenda kusalimia?

Tuliondokea Kashikishi, ufuko wa jirani, na Bana Kapya alitusindikiza. Alipofungua kitambaa cha mgongoni, Mwansa alikishika, hakukiachia, basi akamwachia. Akageuka, akaenda zake kabla boti haijasukumwa. Nilimchukia mama yangu siku hiyo.

Jumatatu, mlangoni mwa gardieni, watoto wapya walipiga mayowe na kuning'inia kwenye nguo za mama zao. Mwansa aliketi alipowekwa. Sista mkuu alinipongeza, akasema mtoto huyu ana adabu, laiti wote wangekuwa hivi.

Nilimwomba tuache kuwabadilishia wadogo mwalimu kila muhula, kila kikundi kikae na mtu wake mmoja mwaka mzima. Alisema tutaona. Bado tunaona.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto anayelia mlangoni simnyamazishi tena. Namweka mapajani alie anavyotaka, kwa sababu anayelia bado anaamini kuna mtu atakuja. Nikiwa naye hivyo humtazama Mwansa. Ametulia, mikono juu ya meza, na wageni wanaendelea kumsifu.