Njia Fupi ya Kingolwira

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilisimama katikati ya shamba la mkonge lililoachwa, upande wa Kingolwira, nikijiona mtu wa maana kuliko wote mkoani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Vijana wa mjini wenye magari kuukuu walikuwa wameamua kushindana kwenye vumbi, mzunguko baada ya mzunguko, na kwa kuwa niliwahi kumbebea mpima ardhi vyombo vyake, kazi ya kupanga njia wakanipa mimi. Nasikia mwaka huu wamekupa wewe. Basi vuta kiti, nikuambie nilivyoiharibu.

Nilitaka dereva awe na uamuzi wa kufanya, maana magari yakifuatana tu toka mwanzo hadi mwisho hata watazamaji husinzia. Kwa hiyo baada ya kona ya kwanza nikaigawa njia. Moja ilizunguka mbali, kwenye uwazi, salama kabisa. Nyingine ilikata nyuma ya kichuguu kikubwa na kuvuka korongo. Anayeogopa azunguke, mwenye moyo akate. Wala sikuwaruhusu madereva kuikagua mapema, ili wakutane nayo siku yenyewe. Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza, na kwa wawili watatu ambao hawakutaka.

Mchana ule Mzee Pius alikuja na lori lake kutuletea matairi chakavu ya kupanga kando ya njia. Alikuwa mtu wa Mgeta, kule mlimani, amepeleka kabichi na karoti Dar tangu mimi sijazaliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha badala ya kupakua akavua viatu, akakunja suruali na kuitembea njia yangu yote kwa miguu. Ndivyo walivyozoea madereva wa mlimani. Mvua ikiharibu barabara, mtu hapitishi lori kabla hajashuka mwenyewe akapakanyaga. Mimi niliona mzee ananichelewesha.

Aliporudi akaniuliza, "Lile korongo, dereva analiona akiwa wapi?"

"Akishapita kichuguu, mzee."

"Na akiwa hapo anaweza kubadili mawazo?"

Nikacheka. Nikamwambia haya ni mashindano, si safari ya kabichi.

Hakukasirika. Alijifuta vumbi miguuni taratibu, akavaa viatu. "Ile ya kuzunguka ni ndefu mno, anayetaka kushinda hataipita. Na hii fupi inaficha ubaya wake. Kijana wangu, umewawekea njia moja, halafu unawaambia ziko mbili." Akapakua matairi yake, akaondoka.

Ningeweza kurekebisha. Jua lilikuwa bado juu na majembe yalikuwepo. Kilichonizuia ni kiburi, mwanangu, wala sikitafutii jina zuri zaidi.

Kesho yake Tekla, fundi wa magari pale mjini na dereva hodari kuliko sisi wanaume wote, aliongoza toka bendera iliposhuka. Akakata nyuma ya kichuguu. Tulisikia kishindo kabla ya kuona chochote. Pua ya gari ilikuwa imezama korongoni. Mkanda na kofia ngumu vilimwokoa, lakini mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Nilimshika mkono njia nzima ya hospitali.

Siku ya tatu nilipata ujasiri wa kumwomba radhi. "Hatari niliifuata mwenyewe, sina neno nayo," akasema. "Kinachoniuma ni kwamba uliniamulia wewe."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na watu wengi, lakini hakuna tusi lililonichoma kama maneno hayo.

Nilipanda Mgeta kumtafuta Mzee Pius, nikamwomba radhi naye pia. Akashuka nami, tukaipanga njia upya. Korongo tulilifukia tukaacha mashimo ya kina kifupi ya kupunguza mwendo. Kichuguu tulikikwepa, mgawanyiko ukaonekana toka mbali. Njia ya kuzunguka tuliifupisha hadi tofauti ikabaki sekunde chache tu, na mbele ya ile fupi tukafyeka eneo pana, ili anayekosea aende kusimama huko na kupoteza muda, asipoteze mguu.

Tekla alikuja kuitembea kabla ya gari lolote kuwashwa, akiegemea fimbo. Pale njia zinapoachana alisimama, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akasema, "Hapa ningeumiza kichwa kuchagua." Nilikwenda nyuma ya lori la Mzee Pius nikalia.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiondoe hatari yote, kwa maana watakaokuja wameifuata, na ukiwanyima utakuwa unawadharau. Ila waonyeshe mapema, wakiwa bado wana nafasi ya kukataa. Hakikisha anayekataa naye anaweza kushinda. Itembee kwa miguu yako, uwaache nao waitembee, na akitokea mzee wa kukuuliza swali la kijinga, mjibu polepole. Huenda mguu wa mtu uko kwenye jibu lako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kona kabla ya dereva, akupunguzie kiburi nilichokuwa nacho mimi, na kila utakayempungia bendera aondoke, amrudishe akitembea.