Samaki wa Kikapu Kile

Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, na maji yalimchukua akiwa na miaka saba. Mume wangu ni mvuvi wa maporomoko hapa Kisangani. Ukoo wao husimamisha miti mikubwa katikati ya mkondo, huifunga kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu vya kutega samaki. Mtoto wa kiume aking'oka meno ya kwanza, baba yake anampeleka kusimama juu ya miti ile. Mimi nilikataa. Nani alinisikiliza? Akampeleka, akamshika mkono, halafu kikapu kikajaa na maji yakaanza kukivuta. Aliuachia mkono wa mtoto ili ashike kikapu kwa mikono miwili. Aliniambia mwenyewe, hakuficha.

Mwili ulipatikana siku ya tatu. Matanga tuliyafanya uani kwa wakwe zangu, na baada ya kuzika wakanilazimisha kula. "Mama, kula, utaanguka." Nikala fufu ya muhogo na samaki wa moshi mpaka nikalamba vidole, maana njaa haina haya.

Wiki sita baadaye tuliondoa matanga. Mke wa shemeji yangu mkubwa alikuwa amekunywa lotoko yake, na pombe ile haijui kutunza siri. Akaropoka mbele ya wanawake wote: "Bon, samaki ya kile kikapu ya mutoto ilikuwa na mafuta! Hata mama yake alikula muzuri."

Weh! Niliwaruka watu, nikamfuata mume wangu alipokaa. "Ni kweli?"

Akatazama chini. "Kwetu samaki haitupwi," akasema.

Nilimpiga kichwani kwa sufuria. Akanipiga kofi, la kwanza katika miaka kumi na moja ya ndoa, nikaonja damu yangu, nikamtemea usoni. "Muuaji!" nikapiga kelele. "Ulinilisha mutoto wangu!" Walitutenganisha kama watu wanaotenganisha mbwa.

Asubuhi nilichukua panga, nikashuka mtoni. Vikapu vya ukoo mzima vilikuwa vimepandishwa juu ya mwamba vikauke. Mwanamke havigusi, ni mwiko. Ah, mwiko! Mimi nilivigusa vyote. Nilikatakata mpaka viganja vikachubuka, huku nikitukana ukoo wao, mto wao na babu zao.

Jua lilipokuwa utosini, mashemeji wanne waliingia uani na fimbo. Mwanaume anayeharibu vikapu anafukuzwa majini maisha yake yote. Mwanamke anarudishwa kwao na ndoa imekwisha, na kwetu ni mbali, kule Yahuma.

"Nani alikata?" mkubwa wao akauliza.

Nilifungua kinywa. Mume wangu akasimama mbele yangu.

"Yaya, ni miye," akamwambia kaka yake.

"Usitudanganye. Ni huyu bibi yako."

"Ni miye, nimesema. Sitaki tena ile maji. Mupige, alors."

Wakampiga. Walimpiga magotini akaanguka, wakampiga mgongoni, wakampiga kichwani, ndugu zake wa tumbo moja. Mimi nina mdomo, mtaa mzima unaujua. Neno langu moja lingewasimamisha. Nilikaa kimya, na wala si kwa woga. Nilitaka apigwe. Kila fimbo iliposhuka, moyo wangu ulisema: ongeza.

Walipochoka, mkubwa alimwambia asikanyage tena kwenye miti yao, wakaondoka. Nafasi yake pale mtoni alikuwa amepewa na babu yake, na kazi nyingine hakuijua.

Nilimburuta ndani. Jicho moja lilikuwa limefumba, jino limebaki mkononi mwake. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaanza kumfuta kichwa. Hakulia. Aliniangalia na lile jicho moja, akaniuliza polepole:

"Mama, inatosha?"

"Bado," nikamjibu.

Nikachovya kitambaa tena, nikaendelea kumfuta.