Kitanda cha Zamu Mbili

Ondrej Krupa alikuwa na nusu ya kitanda. Si nusu ya upana wala ya urefu, ni nusu ya siku. Akiwa zamu ya usiku, kitanda kilikuwa chake tangu king'ora cha asubuhi cha kiwanda cha chuma hadi cha jioni. Baada ya hapo kilikuwa cha mtu mwingine. Pale Harkerville, Pennsylvania, kila Mslovakia asiye na mke aliishi hivyo. Mama Zuzana Hrabovska, mjane mwenye nyumba ya wapangaji, alikuwa na vitanda vinane na wanaume kumi na sita, na hakuona kasoro yoyote. Vitanda vyake havikuwahi kupoa.

Mwenye nusu ya pili aliitwa Matej Vavrek. Ondrej alilala naye kitanda kimoja miaka sita bila kusema naye neno. Mmoja akitoka kiwandani mwingine alikuwa anaingia, kila mtu kainamisha kichwa katika umati wa watu wenye kofia za aina moja. Hata Jumapili ya kubadilishana zamu, mmoja alikesha kwenye matanuru saa ishirini na nne mfululizo huku mwingine akikoroma. Lakini Ondrej alimjua mwenzake vizuri, na alimchukia kwa moyo wake wote. Alimjua kwa harufu ya kiko kwenye mto, kwa makombo ya mkate wa shayiri kwenye shuka, na kwa shimo alilolichimba upande wa kushoto wa godoro, refu kama kaburi.

"Mama Zuzana," alikuwa akilalamika kila wiki, "mwambie huyo nguruwe wako asile kitandani."

"Nimemwambia. Naye kasema nikuambie ukate kucha za miguu, unamchania shuka."

"Ipo siku nitakuwa na kitanda changu peke yangu!"

"Na mimi ipo siku nitaolewa na mwenye kiwanda. Kunywa supu, kabichi inapoa."

Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto ya Ondrej. Wenzake waliota mashamba kwao, ng'ombe, wake wanene. Yeye aliota kitanda, na usingizi mle ndani usio na mtu wa kuja kumwamsha.

Kisha Kampuni yenye kiwanda ikaleta karatasi. Kila mfanyakazi atie saini kwamba si mwanachama wa chama chochote cha wafanyakazi na hatakuwa mwanachama mpaka afe. Asiyetaka, mlango ule pale. Watu wakakusanyika ukumbini kwao juu ya baa, wakapiga meza, wakaimba, wakapiga kura, na mgomo ukaanza siku ya Jumatatu. Matanuru yakazimwa. Moshi ukakatika, na akina mama wakagundua kumbe upande wa pili wa mto kuna kilima.

Ondrej alirudi nyumbani kifua mbele. Akapanda ngazi, akavua viatu, akafungua mlango wa chumba, akamkuta mtu mfupi mwenye masharubu amekaa kitandani, anavua viatu.

Wakatazamana.

"Wewe ndiye kucha," akasema yule mfupi.

"Na wewe ndiye makombo," akasema Ondrej.

Hapo ndipo viongozi wa chama walipong'amua jambo ambalo, kwa akili zao zote, hawakulifikiria. Mgomo umewatoa kazini watu wa mchana na watu wa usiku kwa pamoja, na Waslovakia wa Harkerville wana vitanda vya nusu yao tu. Kufika saa tatu usiku kulikuwa na ngumi katika kila nyumba ya wapangaji. Kwa Mama Zuzana mtu mmoja aling'atwa sikio, na aliyemng'ata alikuwa mweka hazina wa chama.

Chama kikafanya kile ambacho chama hufanya. Kikaunda kamati. Kamati ya Vitanda ilikuwa na mwenyekiti, katibu na muhuri, na katibu wake alikuwa Matej Vavrek, maana alijua kuandika. Ikakaa vikao vitatu. Wa usiku walidai kwamba usiku wa kazi umekwisha, hivyo sasa wana haki ya kulala usiku kama Wakristo. Wa mchana walidai kwamba usiku ni wao tangu zamani. Mtu mmoja alipendekeza walale kwa zamu, akazomewa mpaka akatoka nje, kwamba hiyo ndiyo lugha ya Kampuni. Mwishowe likapita azimio kwa kura zote: kwa kuwa kila kitanda kina wenyewe wawili wenye haki sawa, na kwa kuwa umoja ni nguvu, hakuna atakayelala kitandani mpaka suala litakapoamuliwa.

Basi vitanda vinane vya Mama Zuzana vikatandikwa vizuri, na wanaume kumi na sita wakalala sakafuni, kando yake.

"Miaka yote naishi na wanaume," alisema Mama Zuzana akiwaruka na ndoo yake, "lakini wajinga wa kiwango hiki bado sikuwa nimewaona."

Siku ya kwanza Ondrej alivumilia. Siku ya tano mgongo ukawa mbao kama sakafu yenyewe. Siku ya kumi na moja alikuwa akisinzia kwenye zamu ya wagomaji ya kulinda lango la kiwanda mtu asivuke kwenda kazini, amesimama, bango mkononi, na mate yanamtoka. Hapo ndipo Pugh, mnyapara wa matanuru, alipomwita kwa sauti ya chini kutoka upande wa pili wa uzio.

"Krupa! Unaonekana vibaya, bwana."

"Sijambo."

"Waliorudi kazini tumewawekea vitanda humu ndani. Vya chuma. Shuka jeupe, mto wa manyoya. Kitanda chako mwenyewe, Krupa. Peke yako."

Ondrej akalinyanyua bango juu zaidi. Lakini maneno yale yalimwingia. Alijua jina la mtu anayevuka lango wakati wenzake wamegoma, na alijua watoto wa mji huu humwimbia nini mtu huyo mpaka kwenye jeneza lake. Alijua pia kwamba mgomo hauvunjwi na watu elfu. Huvunjwa na mmoja, kisha mwingine. Kesho yake mchana, walinzi wa lango walipokuwa wanakula, akapita kwenye kijilango cha upande wa mto. Alilia kidogo njiani. Aibu ilimchoma kweli, ila usingizi ulimzidi nguvu.

Pugh alimpeleka kwenye banda, akamwonyesha. Kilikuwa kitanda kizuri kuliko alivyoota. Ondrej akajilaza huku amevaa kofia. Macho yakaanza kufumba. Ajabu ni kwamba godoro lilikuwa bapa mno, akawa anateleza kushoto kutafuta shimo ambalo halikuwepo.

Mtu akamtikisa bega.

"Toka kwenye kitanda changu."

Akafumbua macho. Alikuwa Matej Vavrek, katibu wa Kamati ya Vitanda, muhuri unachungulia mfukoni.

"Changu!" akasema Ondrej. "Nimeahidiwa na Pugh!"

"Mimi pia nimeahidiwa na Pugh!"

Wakamgeukia mnyapara. Pugh hakuona haya hata kidogo.

"Nyote mko sawa. Vavrek mchana, Krupa usiku."

"Ulisema peke yangu!"

"Sasa ukiwa umelala, kuna mwingine humo?" akauliza Pugh, naye aliuliza kwa dhati.

Wale wawili wakatazamana tena kama siku ile ya kwanza. Ondrej ndiye aliyeanza kucheka. Matej akafuata, mpaka akashika ukuta. Kisha mmoja akashika kichwani na mwingine miguuni, wakakiinua kitanda na shuka lake na mto wake, wakatoka nacho banda zima likiwatazama, wakakipitisha kwenye lango kuu.

Nje watu walipiga vigelegele. Walinzi wa lango waliona ndugu zao wawili wametoka mdomoni mwa simba na nyara mabegani, wakawabeba juu pamoja na kitanda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza walikuwa wanafanya nini mle ndani. Chama kikajadili nani akilalie, kikaazimia kwamba ni kumbukumbu ya ushindi na haitalaliwa na mtu yeyote, kikakitundika ukutani ukumbini.

Siku hiyo wale wawili walirudi kwa Mama Zuzana, wakapanda kitanda chao cha zamani mchana kweupe, kichwa cha huyu kwa miguu ya yule, azimio la kamati likawa chini yao. Walilala mpaka kesho yake.

"Kucha kweli unazo," Matej alisema alipoamka.

"Nitazikata, kaka."

Mgomo ulishindwa wiki ya kumi na nne. Njaa ilifanya ambayo Pugh hakuweza. Watu wakapanga foleni kutia saini ile karatasi, na mezani karani akauliza swali moja zaidi: nani aliiba kitanda cha Kampuni?

Ondrej alikuwa anafungua mdomo. Matej akamkanyaga mguu.

"Mimi," akasema. "Peke yangu."

Kitanda kile kilikuwa cha chuma, na watu mia mbili walikiona kimebebwa na wawili. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja la mwizi. Karani akaandika Vavrek, akagonga muhuri, na jina likatumwa kwa kila kiwanda cha chuma bonde zima, asiajiriwe popote. Matej akafunga kifurushi chake siku hiyo hiyo, akaondoka kwenda Ohio kujaribu migodi. Ondrej alimsindikiza hadi kituo cha reli, akitaka kumshukuru, akaishia kumwambia avae skafu.

Akarudi zamu ya usiku. Asubuhi ya kwanza alifika nyumbani miguu inauma, Mama Zuzana akamwambia bado hajapata mpangaji mwingine.

"Haya, bwana. Kitanda chako, peke yako. Lala mpaka uote mizizi."

Ondrej akapanda juu. Shuka lilikuwa safi, halina makombo. Akaingiza mkono chini ya blanketi. Kitanda kilikuwa baridi. Akajilaza upande wa kulia kama kawaida yake, shimo la kushoto liko wazi pembeni yake, akakaa hivyo macho yakiwa darini mpaka jua likapanda. Kisha akashuka jikoni pekupeku.

"Mama Zuzana, nitafutie mtu."

"Mtu wa nini? Miaka sita umenipigia kelele!"

"Nitafutie tu," akasema Ondrej, akaketi mezani na kufunika uso kwa mikono. "Na kama anakula mkate kitandani, usimkataze."