Napima Kichwa, Sipimi Nywele

Miaka kumi na moja nimesimama kwenye lango la treni ya kupinduka, katika bustani ya michezo. Kazi yangu ni kupima urefu. Kuna mstari mwekundu kwenye nguzo. Ambaye kichwa chake hakiufikii, hapandi. Shule sikwenda, lakini mstari hauhitaji shule.

Watu wakiwa kwenye foleni hubishana. Huyu atasema filamu za mapigano zimeisha utamu, yule atasema treni yetu ni ya kitoto, gurudumu kubwa ndilo linalotoa roho. Wanaoniudhi ni wanaosifu katuni za kuimba. Nimeziona, kwenye televisheni ya duka la soda mbele yangu. Mwanamke aliyeachwa ndiye mchawi kila mara. Anapewa pua ndefu, gauni jeusi na wimbo mmoja, kisha anatumbukia shimoni, watoto wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza nani alimwacha na alimwachia nini. Mimi mume wangu aliniachia mama yake, mgonjwa, nikamuuguza mpaka kaburini.

Jumamosi moja akaja mume huyo mwenyewe, na mke wake mpya, aliyekuwa rafiki yangu wa kusukana nywele, na binti yao wa miaka sita. Mtoto kafungwa fundo la nywele utosini, refu kama chupa. Ujanja huo naujua. Wazazi wengi huufanya ili mtoto aguse mstari. Nikalibonyeza kwa kiganja. Kichwa kikabaki chini ya mstari, kwa vidole vinne vizima.

"Hapandi," nikasema. "Napima kichwa, sipimi nywele."

Baba yake akawageukia watu, anacheka. "Mnamwona huyu? Mke wangu wa zamani. Wivu tu!"

"Mpitishe mtoto, mama, tumechoka kusimama!" akadakia mtu nyuma.

"Si ndiye yule mchawi wa katuni!" akasema mwingine, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Msimamizi akaja mbio, shati limelowa jasho.

"Nini tena? Foleni imefika barabarani. Mpandishe."

"Mpandishe wewe."

"Ukibisha, kesho hapa si pako."

Nikamkalisha mtoto kitini, nikashusha chuma cha kumshikilia mpaka kikagoma. Nikamwita mama yake.

"Pitisha mkono wako hapo, kati ya chuma na tumbo la mwanao."

Akaupitisha. Ukaingia mpaka kiwiko, bila kugusa kitu.

"Treni ikipinduka, atashikwa na nini? Na fundo?"

Kicheko kikafa. Akamtoa mwanawe mwenyewe, hakunitazama, asante sikuisikia. Mumewe alikuwa bado anamlalamikia msimamizi kwamba sina adabu.

Jumatatu nikapewa ndoo na brashi ya vyoo. Nina ukali kwa wateja, eti. Langoni akawekwa shemeji wa msimamizi, mcheshi, anayewaimbia watoto na kuwapitisha bila hata kuitazama nguzo.

Jana nilimwona akimfungia kitini mtoto ambaye ningemrudisha nikiwa nimefumba macho. Nikatupa ndoo, nikavuka kizuizi, nikamtoa yule mtoto huku mama yake akinitukana. Kesho asubuhi nimeitwa ofisini. Nitakwenda, na radhi siombi.