Mwangwi Alipobeba Sahani Yake

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, fundi seremala na mkewe waligombania kioo. Kioo chenyewe kidogo, kimetundikwa juu ya ndoo ya maji. Mke alikuwa akifunga kitambaa kichwani, mume akizitafuta ndevu zake azinyoe.

"Sogea basi, fundi. Hizo ndevu mbili hazikimbii."

Akasogea. Tangu waoane, yeye ndiye aliyekuwa akisogea. Siku chache baadaye mke alianguka jikoni, hakuinuka tena, na sasa kioo ni cha fundi peke yake. Lakini habari hii si ya msiba. Ni ya siku ile.

Siku ile walitoka pamoja. Mke alikuwa mlezi katika nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili. Fundi alikuwa ameitwa huko kufunga komeo kwenye mlango wa chumba kimoja. Kwa nje.

Chumba kilikuwa cha Mwangwi. Hilo ni jina la utani; walezi walimpa kwa sababu maneno yake ni machache, na hayo machache hurudia neno la mwisho alilosikia. Ukimwambia habari za asubuhi, atakujibu asubuhi. Mtu mwenye mabega mapana, mpole kama maji ya mtungi, mpaka ifike saa ya chakula. Hapo sahani huruka. Moja ilimpasua msimamizi paji la uso.

Basi ukatungwa mpango wa kumtuliza: ale chumbani peke yake, mlango umefungwa, mpaka wenzake wamalize. Leo, kesho na siku zote. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliogopa asije mtu akapoteza jicho. Na Mwangwi mwenyewe aliulizwa, mbele ya dada yake, kama utaratibu unavyotaka: utakula mezani au chumbani? Mwangwi akajibu chumbani. Dada akafuta machozi, akakubali. Yakaisha.

Mke wa fundi alikuja kushtuka baadaye, akiwa anasugua sufuria. Jina la Mwangwi walimpa kwa midomo yao, yeye mmojawapo, wakataniana nalo miaka nenda miaka rudi, kisha wakamuuliza swali la njia mbili na jibu wakaliamini. Kesho yake alimuuliza kwa kugeuza: chumbani au mezani? Mezani, akasema.

Msimamizi alipopata habari alishika kichwa. Alisema kweli tumekosea, lakini tutajuaje anachotaka, na mtu hana maneno? Mke akamwambia maneno hana, miguu anayo. Apewe sahani yake mkononi, milango yote iwe wazi, asisemeshwe, watu watazame anakokwenda. Siku ya kwanza ya kujaribu, Mwangwi alisimama kwenye korido mpaka chakula kikapoa. Siku zilizofuata akaanza kwenda, na kila siku alikwenda palepale. Msimamizi akataka dada mtu aje aone, akaweka na sharti: sahani ikiruka siku hiyo, komeo linafungwa jioni hiyohiyo. Fundi awepo na vifaa vyake.

Njiani fundi alimuuliza mkewe kama ana hakika. Akajibiwa kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakika ya tumbo la mwenzake ataitoa wapi? Anachotaka yeye ni mtu aulizwe vizuri.

Walimkuta dada amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Mke alimkabidhi Mwangwi sahani, akarudi nyuma, akafumba mdomo. Fundi hakuwahi kumwona mkewe amefumba mdomo muda mrefu namna ile.

Mwangwi alisimama kati ya ukumbi na korido. Akautazama mlango wa chumba chake. Fundi alikuwa amesimama hapo na komeo mkononi. Akaona haya, akalitia mfukoni. Mwangwi akageuka. Kiti chake cha zamani, cha katikati ya meza, alikipita. Akaenda hadi mwisho, penye ukuta, karibu na mlango wa nje. Akakaa, akaegemeza mgongo, akaanza kula.

Mara mlezi mmoja akaburuta kiti juu ya saruji. Kikalia kama mbuzi. Mwangwi akaruka, mkono ukaenda kwenye sahani. Msimamizi akakinga uso.

Akainua sahani, akatoka nayo nje. Akasimama kidogo juani. Akarudi, akakaa, akaendelea kula.

Hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Si chakula kilichokuwa kikimchafua, wala si wenzake. Ni viti vinavyoburutwa nyuma ya mgongo wake, na kukosa pa kutokea.

Alipomaliza, mpango ukaanza kutungwa upya, naye akiwa kati. Lilipofika suala la nani amfuate akichafukwa, walezi walisimama mbalimbali, kila mmoja akijidhania yeye ndiye. Mwangwi akawapita wote, akaingia jikoni, akamshika mkono mpishi.

"Mimi?" mpishi akasema. "Mimi nina sufuria motoni."

"Motoni," akasema Mwangwi.

Ukumbi mzima ukacheka, mpaka dada aliyekuja na machozi yake tayari. Mwangwi akavuta kiti cha pembeni, akakipigapiga kwa kiganja, dada akaja akakaa. Tangu mama yao afariki hawakuwa wamekula meza moja. Mpishi akamletea naye sahani.

Msimamizi akagusa kovu lake. "Baba, hilo komeo rudi nalo nyumbani," alimwambia fundi.

Fundi hakurudi bure. Alikata mpira wa tairi kuukuu, akaupigilia miguuni mwa viti vyote, kimoja baada ya kingine, hadi ukumbi ule ukawa kimya kama msikiti mchana.

Jioni walirudi kwa miguu. Mke alitembea kama mama aliyeozesha mwana, anasalimia hata asiowajua. Fundi alikuwa na neno moja linamkera. Akamuuliza: je, kama Mwangwi angebeba sahani yake akaenda nayo chumbani?

Mke hakupunguza hata mwendo.

"Basi angekula chumbani, mume wangu, na mlango angeufunga mwenyewe, kwa ndani."