Pamba Iliyokwisha Kuwa Safi

Nakumbuka siku moja ya mavuno, mwanangu, nikiwa nimeolewa karibuni huko Dutwa. Tumekaa mkekani tunachambua pamba, safi huku, chafu kule. Kazi ilikuwa imeisha, mimi nikalimwaga rundo la safi nianze upya. Niliogopa karani wa mnunuzi ataturudisha na mzigo mbele ya watu. Moyo unanienda mbio, ugali wa mchana sikuugusa.

Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinishika mkono.

"Pamba imeshakuwa safi," alisema. "Kinachokusumbua hakimo humo. Tangu uje hapa huli, hulali. Nenda hospitali ukaseme."

"Nitakwenda tukishauza, mayu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama.

Tukauza. Karani hata mkono hakuingiza, aliitazama tu akaiweka kwenye mzani. Nikasema basi niende palizi ikiisha, kisha mtoto akiacha kunyonya. Hofu ikapata kingine cha kushika, nami nikaizoea, nikaiita tabia yangu. Na nani angemwendea daktari kumwambia anaogopa, hana homa wala kidonda?

Miaka ikaenda hivyo. Usingizi wa kuibia, tumbo linawaka, presha inapanda nisijue. Mpaka nilipoanguka shambani ndipo nikapelekwa. Daktari alisema si yote yametokana na hofu, ila imeuchosha mwili muda mrefu, na moyo sasa umetanuka. Leo nikitoka hapa kwenda jikoni lazima nipumzike njiani. Nimechoka, mwanangu, nakwambia kweli.

Jana ulipokuja kutoka Somanda unakoishi nilikuona. Ulifunga mlango, ukarudi kuusukuma, ukarudi tena, mkono kifuani. Chakula ulikizungusha tu sahanini. Nilipokuuliza ukasema ni kazi, utatulia ukipata likizo. Hayo maneno nayajua, niliyasema mimi.

Likizo usiingoje. Hospitali iko jirani na unapolala. Nenda ueleze yote, hata lile unaloona aibu kulitaja. Ukipewa dawa, meza. Ukipewa mtu wa kuzungumza naye, zungumza, wala usiache ukipata nafuu kidogo.

Mama mkwe alikufa bado ananiuliza kama nimekwenda. Usiniache na mimi nife nakuuliza. Mungu akupe usingizi wa kutosha, na ukizeeka ufike jikoni kwako bila kupumzika njiani.